Mgeni wa Kuhesabu Magugu

Kwa aliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita: mke wangu amekufa, ngamia wameingia shambani, na mimi bado ni mlinzi.

Naitwa Cyrus. Nalinda lango la shamba lililo kaskazini mwa Doha, ambako basi la kampuni hutufikisha kutoka kambi yetu ya Industrial Area. Ni shamba lisilouza kitu cha kuliwa. Zamani lilipandwa majani ya mifugo, hadi kisima kikaanza kutoa maji ya chumvi na mwenyewe akaliacha. Sasa kampuni yetu imelikodi ili kulirudisha lilivyokuwa kabla ya trekta: miti ya hapa, nyasi za hapa, mijusi ya hapa.

Anayelipia ni tajiri mmoja anayejenga nyumba za kifahari karibu na bahari. Pale anapojenga palikuwa na vichaka na ndege. Ameambiwa kwamba akiua kule, afufue huku. Kila kipande cha shamba letu kinachofufuka hupewa alama, alama zinajumlishwa kuwa yuniti, naye anazinunua. Nilipomweleza mama yangu kwa simu, aliuliza kama hawawezi kutupa na sisi yuniti za Nyaboke.

Nilimwambia bado hawajafika huko.

Nyaboke ndiye mke wangu, mama wa mwanetu Tevin. Alifanya kazi kwenye kitalu cha kampuni. Mikunazi yote iliyo shambani, ile miti ya miiba ambayo Waarabu huiita sidri, aliiotesha yeye kwenye chupa za maji zilizokatwa shingo. Dereva wetu Mganda, ambaye ni Mwislamu, alimwambia majani yake huoshewa maiti. Nyaboke akajibu kwamba basi ni mti wa kazi, akaendelea kumwagilia.

Yeye alilala Al Mansoura, chumba kimoja na wauguzi. Mimi nililala kambini na wanaume wanaokoroma kwa zamu. Tulikuwa mume na mke wa Ijumaa. Mwishoni mwa mwaka jana aliugua kifua, akalazwa, akafa. Mwili ulisafirishwa hadi Nyamira. Mimi sikusafiri, kwa sababu nilizoeleza wiki mbili zilizopita. Sitazirudia, maana kuna msomaji wa Eldoret aliyeandika kwamba zilimkera.

Kwa hivyo kaburi lake sijaliona. Ninachokiona ni mikunazi.

Shamba likifikisha alama zinazotakiwa, litawekewa ua wa chuma na mkataba wa miaka thelathini: hakuna kulima, hakuna kujenga, hakuna kukata. Lisipofikisha, mwenyewe analichukua, na ameshasema atalifanya egesho la malori ya kokoto. Ngamia wa jirani walitupunguzia alama walipovunja ua na kula safu mbili nzima. Wiki iliyopita niliishia pale Nick, fomani wetu, aliponiambia mpimaji mpya anakuja Jumapili, na kwamba hakutakuwa na mara nyingine.

"Hakikisha pako sawa," Nick alisema.

"Sawa vipi?"

"Sawa, Cyrus. Mgeni akija kwenu hujui kufanya nini?"

"Najua."

"Haya basi."

Kosa lote lilitoka hapo. Ukilitazama vizuri utaona hakuna aliyesema uongo.

Kwetu, mgeni akija ua hufagiliwa hadi udongo ubaki na alama za ufagio. Shamba lenye magugu ni aibu ya mwenye shamba na ya mama aliyemzaa. Na mgeni akiwa mkubwa, kuanzia chifu kwenda juu, mawe ya njiani hupakwa chokaa. Nilisoma shule ya upili ambayo kila ukaguzi ulitukuta tukipaka mawe. Tulifeli hesabu, lakini mawe yetu hakuna mkaguzi aliyewahi kuyalalamikia.

Ijumaa ibada ilipokwisha, nilisimama wakati wa matangazo. Nilisema shamba aliloliacha Nyaboke linakaguliwa na mimi peke yangu siliwezi.

Chebet, mwenyekiti wa akina mama, hakuningoja nimalize. Ni muuguzi, na huongea na kila mtu kana kwamba amekataa dawa.

"Baba Tevin, keti, tumekusikia. Mama Tevin tulimzika kwa simu. Hata udongo hatukurusha. Leo ndiyo unatuambia ana shamba hapa?"

"Si lake hasa."

"Lina magugu?"

"Mengi."

"Tangu lini?"

"Tangu ngamia watoke."

"Na wewe unaketi langoni ukiyatazama." Aligeukia kanisa. "Nani ana jembe?"

Hakuna aliyekuwa na jembe. Doha utapata sepetu za kila aina, lakini jembe la kulima kama tunavyolijua sisi halipo dukani. Japheth, fundi wa kuchomelea pale Industrial Area, alisema tumwachie. Kesho yake alishuka kwenye gari na majembe aliyoyatengeneza kwa vyuma chakavu na mipini ya mabomba. Yalikuwa mazito kama dhambi, lakini yalikuwa majembe.

"Ukimwangushia mtu hili mguuni," Chebet alisema akilipima, "anarudi Kenya."

"Mama, mimi nimetengeneza jembe. Mguu ni kazi yenu nyinyi wauguzi."

Walikuja karibu ushirika wote, wa Al Mansoura, wa Al Sadd, hata wengine nisiowajua. Akina mama walijifunga leso. Nick hakuwa zamu. Mlinzi wa lango ni mimi, kwa hivyo nililifungua.

Nataka niseme jambo moja kuhusu asubuhi ile, kabla sijaeleza matokeo yake. Sijawahi kuona watu wakilima vizuri namna ile. Walijipanga mstari kama tulivyokuwa tukifanya nyumbani wakati wa kupalilia kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako. Walisogea pamoja, na nyuma yao ardhi ilibaki safi kama meza iliyofutwa.

"Haya magugu yana majani manene kama masikio ya mtoto," Japheth alisema.

"Ng'oa. Usiyasifu."

"Na haya yana maua."

"Hata shetani alikuwa mzuri wa sura. Ng'oa."

Matawi makavu yaliyolala chini ya mikunazi waliyakusanya na kuyatupa kwenye kontena la taka. Mashimo yaliyotapakaa kote, ambayo tulidhani ni ya panya, waliyafukia ili mgeni asiteguke mguu. Mwisho Chebet akatoa ndoo ya chokaa. Walipaka mawe kutoka langoni hadi kisimani. Chokaa ikabaki, wakapaka na mashina ya miti, kila mmoja hadi usawa wa goti. Mikunazi ya Nyaboke ilisimama kwa safu, imevaa soksi nyeupe, kama watoto wa shule.

Kisha Chebet akaomba. Aliomba kwa kifupi, jambo ambalo si kawaida yake. Alisema, "Bwana, huyu dada alipanda. Sisi tumepalilia. Mengine unajua." Tukasema amina, tukala chapati.

Nakiri nilikuwa na furaha. Niliona kwamba yale ndiyo matanga ambayo sikuyapata.

Jumapili asubuhi mpimaji alifika na Nick kwenye gari la kampuni. Jina lake ni Hannah, Mkenya wa Nairobi, mwanamke mrefu mwenye buti zilizochakaa na kofia ya majani. Ni mtaalamu wa mimea na wanyama, na ofisi yao iko Al Sadd. Alishuka langoni akasimama. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Alivua miwani ya jua.

"Hii chokaa ni ya nini?"

"Karibu sana, madam."

"Asante. Chokaa ni ya nini?"

"Ni ya kukukaribisha."

Nick alivua kofia, akaivaa tena.

Hannah alichukua fremu yake ya kupimia. Ni mraba wa mabomba ya plastiki, ambao huutupa chini popote na kuhesabu kila kinachoota ndani yake. Akautupa. Akachutama, akatazama. Akauokota, akatembea, akautupa tena. Alifanya hivyo mara kadhaa, na kila mara nilimwona akitazama udongo uliofagiliwa kwa heshima.

"Hapa palikuwa na nini, mzee wangu?"

"Magugu."

"Magugu gani?"

"Yale ya majani manene yenye chumvi. Na yale ya maua ya zambarau. Na nyasi za vichaka."

"Yako wapi?"

"Kwenye kontena la taka."

"Hayo ndiyo niliyokuja kuhesabu," alisema.

Nilimtazama Nick. Nick alikuwa akitazama barabara kuu kama mtu anayesubiri basi.

"Nani aliwaambia mng'oe?"

"Hakuna. Tulijitolea."

"Na mashimo ya mijusi?"

"Mijusi?"

"Yale mashimo. Kuna mjusi mkubwa wa hapa, mwenye mkia wa miiba. Alikuwa na alama nyingi kuliko wewe na mimi tukiwekwa pamoja."

"Tuliyafukia. Usiteguke mguu."

"Asante," Hannah alisema, na sikuweza kujua kama ni shukrani. Aliketi juu ya jiwe kufikiri. Alipoinuka, suruali yake ilikuwa nyeupe nyuma, na kati yetu wawili hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia.

Nick alinivuta kando.

"Buda, nilikwambia pawe sawa."

"Si pako sawa?"

"Sawa ya *kwao*, Cyrus. Sawa yao ni kuwe na fujo."

"Ungesema fujo."

"Nani anamwambia mlinzi aweke fujo?"

Tulisimama tukitazama kazi ya ushirika.

Lakini Hannah hakuwa amemaliza. Alipiga magoti na kuanza kuchimba kwa vidole. Majembe ya Japheth, kwa uzito wake, yalikuwa yamekata zaidi kuliko kung'oa. Chini ya udongo mizizi mingi ilikuwa hai. Hannah alisema kanuni zinamruhusu kuhesabu mzizi ulio hai kama mmea, ikiwa unaweza kuchipua. Tulilizunguka shamba zima, yeye akichimba, mimi nikimbebea fremu. Karibu na kisima, udongo tuliokuwa tumeushindilia ulitikisika, na mjusi akatoa kichwa. Alitutazama kama mpangaji aliyefungiwa mlango na mwenye nyumba.

"Huyo mmoja," Hannah alisema, akabonyeza kwenye kompyuta yake ndogo.

Kisha mikunazi. Aliikagua mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja uliokufa, isipokuwa zile safu mbili zilizoliwa na ngamia.

"Nani aliotesha hii?"

"Mke wangu."

"Yuko wapi nimpongeze?"

"Nyamira," nilisema. Nick alikohoa, Hannah akaelewa. Akaniambia pole kwa sauti ya mtu anayemaanisha, kisha akarudi kwenye kazi yake, na nilimshukuru kwa hilo.

Jua lilikuwa limepanda alipomaliza kujumlisha.

"Mmekosa kidogo," alisema.

"Kidogo kiasi gani?"

"Kile kidogo kinachouma. Na taarifa naifunga leo jioni, siwezi kuisogeza. Kuna mahali sijafika?"

"Kibandani kwangu tu," nilisema. "Hakuna kitu huko."

Alikwenda kutazama hata hivyo. Nyuma ya kibanda changu cha langoni kuna mti mmoja uliokwisha kupita paa, wenye majani madogo madogo na kivuli kipana. Nao ulikuwa umepakwa chokaa hadi gotini. Hannah alisimama chini yake, akashika tawi, akaliachia.

"Na huu?"

"Huo hauko kwenye hesabu. Huo ni wangu."

"Uliupanda wewe?"

"Mke wangu. Aliuokota kando ya barabara ukiwa mche. Alisema mikunazi itachelewa, na mimi nitaungua humu kibandani nikiisubiri. Akaupanda hapa."

"Unajua ni mti gani?"

"Wa kivuli."

"Ni mathenge, mzee wangu."

Mathenge nilikuwa nimeusikia redioni tu, miaka ile watu wa Baringo walipolalamika kwamba unawaharibia mbuzi meno na kuwafukuza kwenye malisho. Kwetu milimani hauoti. Nyaboke naye alikuwa wa kwetu milimani.

"Haukustahili kuwa hapa," Hannah alisema. "Unakunywa maji yote yaliyo chini. Ukianza kuzaa, mbegu zitaenea, na baada ya miaka michache hutaona mkunazi shambani humu. Ndio unaokula alama. Mti mmoja ukionekana tu, shamba zima linakatwa alama."

"Na usipoonekana?"

Alibonyeza, akasubiri, akanigeuzia kioo nione. Sikuelewa tarakimu, lakini niliona rangi ikigeuka kutoka nyekundu hadi kijani.

"Mnapita. Kwa unywele, lakini mnapita. Ukatwe leo na shina lipakwe dawa, nikiwa hapa naona."

Nick alisema atamwita dereva waukate wao wawili. Alisema niende nikanywe chai.

"Hapana," nilisema. "Nitaukata mwenyewe."

"Cyrus, si lazima."

"Lete ngazi."

Ilibidi kuanzia juu, kwa sababu tawi kubwa lilikuwa limelalia paa la kibanda. Nick alileta ngazi na msumeno wa mkono. Hannah alikwenda garini kutafuta dawa ya kupaka shina. Nilipanda polepole. Mathenge una miiba mirefu, na kila mmoja ulinichoma kana kwamba ulikuwa umetumwa na mtu anayenijua.

Nilikuwa nikijiambia maneno ya kawaida. Kwamba ni mti. Kwamba mikunazi ni mingi na huu ni mmoja. Kwamba hata yeye angeniambia nikate, na angenicheka kwa kupanda ngazi na viatu vya zamu. Nilifika juu, nikaweka msumeno kwenye tawi, nikavuta mara moja.

Tawi lilitikisika, na ndani ya majani, karibu na uso wangu, tetere akainua kichwa.

Hakuruka. Alisogea tu kidogo ubavuni, kwa kero, na chini yake nikaona alichokuwa akiatamia. Mayai mawili meupe, kwenye vijiti vichache vilivyopangwa ovyo.

Kuna kanuni moja ya mradi ambayo kila mfanyakazi hufundishwa siku ya kwanza, hata wa lango. Kiota chenye mayai hakiguswi, wala mti uliokibeba, hadi makinda yaruke. Haijalishi ni mti gani. Anayevunja kanuni hiyo amevunja mradi.

Makinda huchukua wiki kadhaa. Taarifa ilikuwa inafungwa jioni.

Hesabu haikuwa ngumu hata kwangu. Nikisema, mathenge wa Nyaboke unabaki, na mikunazi yake yote inakuwa egesho la malori. Nikinyamaza, mikunazi inapata miaka thelathini, na ninachotakiwa kufanya ni kuvuta msumeno na kutotazama.

Na sasa nakiri jambo ambalo Nick hajui, wala Chebet. Nilipoyaona yale mayai, kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa huruma kwa ndege. Nilifurahi. Nilifurahi kwamba nimepata sababu ya kushuka.

"Mbona umesimama?" Nick aliuliza kutoka chini, akiwa ameshika ngazi. "Kuna kitu huko juu?"

"Kuna mayai mawili," nilisema.

Nilitazama chini. Nick alikuwa amegeuza shingo kumtazama Hannah, aliyekuwa kando ya gari ametupa mgongo, simu kwenye sikio moja na kidole kwenye la pili kwa sababu ya kelele za malori ya barabarani. Alikuwa akimwambia mtu kwamba shamba limepita.

Nick alipanda kipago kimoja, kisha cha pili, hadi uso wake ukafika magotini pangu.

"Hajasikia," alisema kwa sauti ya chini. "Nimesikia mimi peke yangu, na mimi nina masikio mabovu tangu kazi ya kuvunja mawe. Sasa nakuuliza upya, Baba Tevin, na usinijibu haraka."

Hannah alikata simu, akaanza kuja.

"Kuna kitu huko juu?"